Wanafunzi Wapimao Ardhi, na Jinsi ya Kuwapokea

Wanachama wetu,

Baadhi yenu mmeuliza: hawa vijana wa chuo wapitao mitaani na mashambani wakipima, wataka nini, na yafaa tuwapokee vipi? Twaona ni vyema kwanza tueleze walivyofanya wenzao Dar es Salaam, ndipo tuseme letu.

Mji ule umekua upesi kuliko ramani zake. Huko Tandale, upande wa Kinondoni, nyumba zimesongamana, na vichochoro vingi havikuwamo katika ramani yoyote. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikwenda wakaandika pamoja na wenyeji njia, maji, vyoo, shule na maduka. Desemba ya mwaka huo huo ikanyesha mvua kubwa. Mafuriko yakaua watu mjini, na jamaa nyingi zikahamishwa mabondeni kupelekwa Mabwepande. Hapo ikadhihirika faida ya kujua maji yapita wapi.

Mwaka 2015 ikaanza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia likizo zao ndefu kupima kata zipatwazo na mafuriko, katika Kinondoni, Ilala na Temeke. Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza hupatikana picha iliyopigwa kutoka juu, mara nyingi kwa ndege ndogo isiyo na rubani, na nyumba huchorwa kwa kuifuata. Kisha wanafunzi hutembea kwa miguu pamoja na wenyeji. Maana picha huonyesha bati tu. Haionyeshi mtaro uliozibwa na taka, wala jina la kichochoro, wala maji yalipofika masika yaliyopita. Hayo huyajua wakaao pale. Ramani ikiisha huwa wazi kwa kila mtu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza kupiga picha za namna hiyo Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki. Picha hizo huonyesha vilele vya miti. Hazijui kuwa mikarafuu ile imo katika eka tatu za marehemu fulani, wala mpaka wake waanzia jiwe gani.

Basi nasaha yetu ni hii. Akija mwanafunzi, kwanza aonekane kwa sheha na barua yake. Ikiwa sawa, asiachwe kupita peke yake: mzee ajuaye mipaka afuatane naye, na jirani awepo, ili wakubaliane papo hapo. Majina ya mahali yaandikwe kama tuyatamkavyo. Wala mtu asidhani kuwa kuchorwa katika ramani ni kupewa hati. Ramani husema kitu kiko wapi. Haisemi ni cha nani. Mwenye shaka juu ya haki yake na aende ofisi ya ardhi na karatasi zake.

Mipaka mingi ya mashamba yetu imo vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua kila mwaka. Wakishaondoka, watoto wetu watabaki kugombana kwa dhana. Kijana akiitoa likizo yake kuja kuandika, nasi tutoe asubuhi moja kumwonyesha.

Wassalaam.

Katibu