Usingizi wa walio mbali na nyumbani

Simu inapopigwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam saa tatu usiku, huko Fairfield, magharibi mwa jiji la Sydney, Australia, ni saa kumi alfajiri. Kati ya Oktoba na Aprili, saa za Sydney zinaposogezwa mbele, tofauti hiyo ya saa saba huwa saa nane.

Kwa Waafrika Mashariki wa eneo hilo, usingizi hukatizwa na habari za nyumbani, na zamu za usiku katika maghala na viwanda vya Wetherill Park. Kwa waliokimbia vita vya Kongo au Burundi, huongezeka kumbukumbu.

Wengi huvumilia kimya, wakidhani kulala sana ni uvivu. Hata hivyo, mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa siku. Kuzikosa kwa muda mrefu huchangia shinikizo la damu, kisukari, huzuni na ajali barabarani.

Saa ya mwili

Mwili huongozwa na mwanga. Anayelala mchana baada ya zamu anahitaji chumba chenye giza na utulivu, na aache kahawa saa kadhaa kabla ya kulala. Jamaa nao wanaweza kuafikiana kuhusu wakati wa simu: saa saba mchana ya Nairobi ni saa mbili au saa tatu usiku Fairfield, kutegemea msimu.

Asiyepata usingizi hana haja ya kugaagaa kitandani. Ni bora ainuke, akae penye mwanga hafifu, arejee anaposinzia. Hali hiyo ikitokea angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, ni maradhi, na tiba inayopendekezwa kwanza ni ya mazungumzo na kubadili mazoea, si vidonge.

Jinamizi na ndoto za vita

Anayekabwa na jinamizi huwa ameamka ilhali misuli yake bado imelegea kama ilivyo wakati wa kuota. Hutisha, lakini hupita baada ya muda mfupi na kwa kawaida haina madhara.

Ndoto za vita zinazojirudia ni jambo jingine. Zaweza kuwa jeraha la nafsi linalohitaji tiba. Shirika la STARTTS, lililoanzishwa mwaka 1988 na lenye ofisi Carramar, karibu na Fairfield, huwahudumia wakimbizi walionusurika mateso.

Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini naye amwone daktari. Mashine inayosukuma hewa puani kwa wagonjwa hao ilibuniwa Sydney na Profesa Colin Sullivan, aliyeitangaza mwaka 1981.

Watoto

Miongozo ya Australia inashauri watoto wa miaka 5 hadi 13 walale saa 9 hadi 11, na wa miaka 14 hadi 17 saa 8 hadi 10. Mtoto mchanga alazwe chali.

Mtoto aliyekosa usingizi huenda asisinzie. Badala yake huwa mtundu na mgumu wa kufundishika, akaadhibiwa bure. Simu zitolewe chumbani mapema. Akikoroma kila usiku, daktari amchunguze mafindofindo.

Mzazi asiyemudu Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani. Si lazima mtoto ageuzwe mfasiri wa maradhi ya wazazi wake.