Mohanty na Viwanja vya Ihumwa

Insha nyingi za wanafunzi kuhusu jinsia huharibikia kwenye aya moja. Mwandishi anamtaja mwananadharia wa ufeministi Chandra Talpade Mohanty, ananukuu sentensi yake, kisha anaendelea na yale aliyokwisha kuamua kuyasema.

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaandika kuhusu ardhi ya Ihumwa, kata iliyo mashariki mwa jiji, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Anaanza hivi: "Wanawake wa Ihumwa wanakandamizwa na mila." Sentensi za namna hii ndizo alizozishambulia Mohanty katika miaka ya 1980, kwenye makala yake "Under Western Eyes".

Hakukana kwamba ukandamizaji upo. Kumsoma hivyo ni kumwonea. Alisema waandishi wengi wa Magharibi walianza na mwanamke wa Dunia ya Tatu aliyekwisha kuchorwa, fukara na asiye na kauli, kabla hawajachunguza lolote. Kwa Mohanty, mtu haingii kwenye ndoa, kazi na ardhi akiwa mwanamke aliyekamilika. Mahusiano hayo ndiyo yanayoamua kuwa mwanamke mahali pale ni kuwa nani. Ndiyo maana alikisifu kitabu cha Maria Mies kuhusu wafuma lesi wa Narsapur, India. Mies alionyesha jinsi kazi yao ilivyochukuliwa kuwa ya mama wa nyumbani anayejipitishia muda, na jinsi dhana hiyo ilivyowezesha walipwe ujira mdogo mno.

Sasa wafikirie wanawake watatu wa Ihumwa: mjane anayelima uwele kwenye shamba la ukoo wa marehemu mumewe, mtumishi wa wizara aliyenunua kiwanja kwa mkopo, na mama lishe aliyepanga chumba. Serikali kuhamia Dodoma kumepandisha bei ya ardhi. Bei hiyo inaweza kumtajirisha mmoja na kumwondoa mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Nani kati yao anaweza kuidai haki hiyo, na amdai nani? Hapo insha imepata swali, na mila peke yake hailijibu.

Mohanty naye ahojiwe. Kama wanawake hawako sawa, Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa 1993, unawasemeaje kwa pamoja? Jibu la Mohanty ni kwamba umoja hujengwa kisiasa, kwa mapambano ya pamoja. Mpe nafasi ya kulitoa jibu hilo kabla hujampinga.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika insha yako, eleza hoja yake kwa Kiswahili, bila kunukuu, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Ukishindwa, rudi kwenye makala usome tena.