Bahasha ya Mtoto Asiyesikia

Bibi anamnyatia mjukuu kwa nyuma, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Anagonga. Mtoto anageuka. "Si umeona, mwanangu? Huyu anasikia. Hata baba yake alichelewa kusema." Mama anatulia, na mwaka mwingine unapita.

Jaribio hilo la sufuria limewachelewesha watoto wengi ninaowaona kutoka Sengerema na Buchosa. Sufuria ikigongwa karibu, sakafu inatetema, kivuli kinapita ukutani, na mama aliyekaa mbele anatupa jicho kule mlio unakotoka. Mtoto kiziwi anavisoma vitu hivyo vizuri kuliko sisi tunaosikia. Ukitaka kumpima nyumbani, simama nyuma yake, mbali kidogo, asikuone wala asione kivuli chako, kisha umwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Haitikii? Usingoje afikishe miaka mitatu. Wataalamu wa usikivu wana hesabu yao ya moja, tatu, sita: mtoto achunguzwe kabla ya kumaliza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wengi wanaonifikia mimi wana miaka minne, mitano.

Majibu yakishatoka, mzazi hufuta machozi na kuuliza: nani atanisaidia, na kwa kiasi gani? Nijibu bila kuzunguka. Tanzania Bara hakuna posho ya kila mwezi inayomwendea mzazi kwa sababu tu mtoto wake ni kiziwi. Jirani zetu wa Kenya wana mpango wa kuzilipa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Uingereza vifaa vya usikivu hutolewa bure katika hospitali za umma. Kwetu msaada upo, ila umekatwa vipande: kimoja kiko kwa daktari, kingine kwa afisa ustawi wa jamii, kingine kwa afisa elimu maalumu, kingine kwa afisa maendeleo ya jamii, kingine ofisi ya kijiji. Meza hizo hazisemezani. Anayebeba habari kutoka meza hii kwenda ile ni mzazi, ndiyo maana nawaambia wanunue kwanza bahasha ya plastiki, ile ya kifungo, kabla ya kitu kingine chochote.

Humo weka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua ya rufaa, majibu ya kila kipimo na nakala zake. Kadi ya kliniki watu huitupa mtoto akishapata chanjo za mwisho. Usiitupe. Humo ndimo tunamosoma kama alipata manjano makali siku za kwanza, kama aliwahi kulazwa kwa homa ya uti wa mgongo, kama alichomwa sindano za jentamaisini, dawa inayookoa maisha lakini ambayo kwa baadhi ya watoto huharibu sikio la ndani. Rubella ya mama mjamzito nayo imewatia uziwi watoto wengi; chanjo yake, ikiwa pamoja na ya surua, iliingia nchini mwaka 2014.

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Wapo watoto wanaopelekwa mbali kumbe masikio yamejaa nta, au yanatoa usaha wa miezi mingi unaotibika hapo hapo. Mafuta ya moto na maji ya kitunguu, tafadhali, yabaki jikoni. Ikishindikana, chukua rufaa kwenda Bugando jijini Mwanza, hospitali ya kanda yenye idara ya masikio, pua na koo. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025. Wakati wa kivuko ungeweza kumaliza asubuhi nzima kwenye foleni, na mama muuza dagaa asiyekuwepo sokoni asubuhi hana siku. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia matibabu katika vituo vya umma. Kama amezidi umri huo na uwezo huna, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujalipa. Ukishalipa umeshalipa.

Jambo moja dogo limeshawarudisha nyumbani watu wengi mikono mitupu. Kuna kipimo kinachofanywa mtoto akiwa usingizini, nyaya nyembamba zikiwa zimebandikwa kichwani. Akiwa macho analia, na akilia kipimo kimeharibika. Sasa, basi la kutoka Sengerema linabembeleza kama mgongo wa mama: mtoto analala njia nzima, anafika kwenye kipimo macho makavu. Ukipangiwa kipimo hicho, mwamshe alfajiri, mchezeshe garini, mnyonyeshe au mlishe ukishafika.

Akipewa shimesikio, yaani kifaa cha usikivu, msaidizi akakukabidhi na kijisanduku, wengi hudhani gharama zimeisha. Kipande laini kinachoingia sikioni hutengenezwa kwa umbo la sikio lake, na sikio la mtoto linakua; baada ya miezi michache kinalegea, chombo kinaanza kupiga mluzi, kinahitajika kingine. Betri nazo, zile ndogo kama kifungo cha shati, zina kikaratasi cha rangi juu yake. Ukishakibandua hewa inaingia na betri inaanza kuisha, uitumie usiitumie. Nimewahi kumpokea baba aliyebandua pakiti nzima siku aliyoinunua, ili aziangalie kama ni nzima. Bandua moja, iache dakika moja au mbili ipate hewa, ndipo uiweke. Itakwenda wiki moja, pengine mbili. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kushukuru zawadi ya shimesikio: aliyekupa akishaondoka, betri ni zako.

Kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa upasuaji kulianza Muhimbili mwaka 2017; zamani watoto walipelekwa India. Gharama ni makumi ya mamilioni, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na baada ya upasuaji inabaki miaka ya mazoezi ya kusikia na kusema. Usiuze shamba kabla ya kukaa na daktari akakueleza kama mtoto wako anafaa na umri wake bado unaruhusu.

Turudi kijijini. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, katika kipindi chake kilichozinduliwa Februari 2020, uliweka ulemavu miongoni mwa sababu za kuiongezea kaya ruzuku. Kaya hizo hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, na hapo mtoto kiziwi hupotea: anakimbia, anacheka, anachunga mbuzi, nani atamwona ana ulemavu? Orodha ikifunguliwa tena, mzazi nenda na bahasha, simama useme. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati zao kuanzia ngazi ya kijiji. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji chako akujue kwa jina.

Ipo pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Haina riba, lakini ni mkopo. Simshauri mtu kununulia shimesikio fedha anayotakiwa kuirudisha. Nunua mzigo wa dagaa, faida ndiyo inunue betri. Na mama asijifungie kwenye ile asilimia mbili peke yake. Yeye ni mwanamke, ile nne nayo ni yake.

Kuhusu shule, ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini mtoto anayekwenda bweni bado anataka godoro, ndoo, sabuni na nauli ya kila likizo. Muulize afisa elimu maalumu wa halmashauri kitengo cha viziwi kilicho karibu kiko wapi, kabla ya kufikiria mbali kama Tabora, yenye shule ya viziwi tangu 1963. Kuwa karibu kunamwezesha mtoto kurudi nyumbani mara kwa mara, na nyumba nayo ijifunze Lugha ya Alama pamoja naye.

Hilo la nyumba kujifunza ndilo la bei ndogo kuliko yote, na ndilo linaloachwa. Binti mmoja wa darasa la tatu alirudi likizo ya Desemba akiwa anazungumza kwa mikono kwa kasi ya mvua ya ziwani. Nyumbani hakuna aliyemwelewa. Usiku akashika tumbo analia. Mama akadhani ni njaa, akampakulia ugali tena. Kulipokucha ndipo walipomkimbiza hospitali.

Wiki iliyofuata mama huyo alimtafuta fundi cherehani kiziwi pale sokoni, wakakubaliana shilingi elfu tano kila Jumamosi jioni, familia nzima ikae mkekani ifundishwe. Fundi alitaka kuanza na herufi. Mama akamzuia, akajishika tumbo, kichwa, kisha koo, akakunja uso. Alitaka kwanza ajue namna ya kuuliza: wapi panauma?