Riwaya za Kutisha: Hofu Isiyopewa Jibu (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza taharuki, yaani ile hali ya msomaji kuvutwa na hamu ya kujua na papo hapo kuogopa kujua, sehemu hii inageukia riwaya zenyewe, nazo zinapendekezwa kwa kigezo kimoja: namna kila moja inavyolishughulikia jambo la ajabu baada ya kulileta mbele ya msomaji. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fantasia, alishikilia kwamba kiini cha fasihi ya aina hiyo ni kusita, maana yake msomaji kushindwa kuamua kama anachosimuliwa kina sababu ya kawaida au kinatoka nje ya maumbile, na kwamba jibu likishapatikana, liwe la huku au la kule, fantasia imekwisha.

Kwa kipimo hicho, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, haikai ndani ya fantasia kwa muda mrefu. Tajiri anakutwa amekufa mzimuni, uvumi unatanda, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anaupangua uvumi huo hadi abaki binadamu aliyetenda kwa sababu za kibinadamu. Ni riwaya nzuri ya upelelezi, lakini anayetaka nywele zimsimame ajue kwamba hofu humu anaazimwa tu, na kabla ya ukurasa wa mwisho atatakiwa kuirudisha.

Henry James hairudishi. Katika The Turn of the Screw, iliyotoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1898, mwalimu wa nyumbani anapelekwa kwenye jumba la mashambani Uingereza kuwalea watoto wawili, Miles na Flora, na baada ya muda anaanza kuwaona mtumishi na mwalimu wa zamani, wote wawili marehemu. Kila kitu kinapita katika kalamu yake mwenyewe, naye ni msimulizi asiyeaminika, yaani msimulizi ambaye maneno yake ndiyo ushahidi pekee na wakati huohuo ndiyo yanayotiliwa shaka. Mwaka 1934 Edmund Wilson alidai kwamba mizimu hiyo imo kichwani mwa mwalimu tu, na wahakiki wamebishana tangu hapo. Hata hivyo madai hayo, kwa werevu wake wote, yanaipunguza riwaya, kwa kuwa kinachotisha zaidi ni kwamba watoto wamo hatarini katika tafsiri zote mbili.

Ikiwa msomaji ana nafasi ya kitabu kimoja tu, kiwe The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959. Daktari Montague, mtafiti wa mambo ya mauzauza, anawaalika watu wachache kuishi katika nyumba yenye sifa mbaya, na miongoni mwao ni Eleanor Vance, mwanamke aliyemuuguza mama yake kwa miaka 11 na ambaye, baada ya mama kufa, hana pa kwenda panapomhitaji. Usiku mmoja anaushika mkono wa mwenzake gizani kwa woga, taa inapowaka anamwona mwenzake huyo yuko mbali kitandani kwake, na mwandishi hasemi lolote kuhusu mkono ule ulikuwa wa nani. Jackson angeweza kumleta shetani mwenye sura, lakini alitambua kwamba nyumba inayomwita mpweke kwa jina lake inatosha, maana Eleanor hatishwi tu na nyumba hiyo, bali pia anaitamani.

Nadharia ya Todorov inakwama katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, kwa sababu swali la kama uchawi upo au haupo silo linaloibeba riwaya hii. Kijana anarithishwa uchawi na baba yake anayekaribia kufa, na uzito wote uko katika namna mtoto atakavyoukataa mkono wa mzazi aliye mahututi, ndugu wakisubiri na desturi ikimwelemea. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kusikia kwamba mchawi hatafutwi mbali na ukoo, huenda asisite hata kidogo kuhusu sababu ya matukio na bado akashindwa kulala, jambo linaloonyesha kwamba kusita ni njia mojawapo tu ya kuzalisha hofu, wala si sharti lake.

Anayeanza na aanze na Abdulla, kisha Mung'ong'o, na Jackson amweke mwisho. Sehemu ya tatu itaichambua Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, ambamo marehemu anarudi kumsumbua mjukuu wake mwenye cheo.