Hofu ya Mbwa na Usalama wa Jamii

Siku ya chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa huwa ngumu kwa mbwa wengi wa vijiji vya milima ya Uluguru. Mbwa aliyekulia shambani, akilinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, pengine hajapata kufungwa kamba wala kuona umati wa watu. Ghafla anafungwa kamba shingoni na kukokotwa hadi uwanjani, ambako anakutana na mbwa wageni, pikipiki zinazonguruma na mtu asiyemjua mwenye sindano mkononi. Huenda akaponyoka na kurudi nyumbani bila chanjo, au akamng'ata aliyemshika. Mara nyingi aliyemshika ni mtoto.

Madhara ya hofu hiyo hayaishii kwa mbwa. Karibu maambukizi yote ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra sana kupona. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili kukata mnyororo wa maambukizi. Kila mbwa anayekimbia uwanja wa chanjo hupunguza kinga hiyo.

Hofu ni silika ya kujikinga. Mbwa anapohisi hatari, moyo humwenda mbio na misuli hukaza, akawa tayari kukimbia au kupigana. Akizuiwa kukimbia kwa kamba au kwa kubanwa pembeni, hubakiwa na meno tu. Hata hivyo, kwa kawaida hutoa onyo kabla ya kuuma: hufyata mkia, hulaza masikio nyuma, hugeuza uso, hulamba midomo, hupiga miayo bila usingizi, hutetemeka au kuhema pasipo joto. Kunguruma nako ni onyo. Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kunguruma anaweza kujifunza kunyamaza, kisha siku nyingine akauma bila kutoa ishara.

Chanzo cha hofu mara nyingi ni ugeni wa jambo lenyewe. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hupokea kwa wepesi watu, sauti na vitu vipya. Yale asiyokutana nayo katika kipindi hicho huweza kumtisha ukubwani. Kanuni ya namna hiyo hutumika mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya hao huanza kushikwa na binadamu na kuzoeshwa sauti na mazingira mbalimbali wakiwa wachanga, mara baada ya kufumbua macho. Baadaye hufunzwa kwa kutuzwa chakula.

Mbwa mzima naye anaweza kuzoeshwa, ingawa kwa muda mrefu zaidi. Siku kadhaa kabla ya chanjo, mwenye mbwa amvishe kamba kwa dakika chache nyumbani huku akimpa vipande vya chakula, kisha atembee naye umbali mfupi. Ikiwa anaogopa pikipiki, aanze kuisikia kutoka mbali, mahali ambapo anaitambua lakini bado anakubali kula. Asogezwe karibu kidogo kidogo. Akikataa chakula au akianza kutetemeka, hatua hiyo ni kubwa mno, arudishwe nyuma.

Siku ya chanjo, mbwa aletwe na mtu mzima anayemfahamu na asubiri mbali na mbwa wengine. Mchanjaji amkaribie kwa ubavu, bila kumkazia macho wala kumwinamia. Wakati wa radi, ambayo hurindima sana milimani, mbwa aachwe ajifiche anapopenda. Kumsemesha kwa upole hakumwongezei hofu, kumpiga humwongezea.

Wahudumu wa afya na wazazi watofautishe hofu na ugonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kushtuliwa mno na mwanga au sauti, lakini pia hubadilika tabia ghafla, hutokwa na mate mengi, hushindwa kumeza, hubweka kwa sauti isiyo yake au hupooza. Mbwa wa namna hiyo asikaribiwe wala kutulizwa. Daktari wa mifugo apewe taarifa mara moja.

Aidha, kuumwa na mbwa "aliyeogopa tu" kusichukuliwe kirahisi, kwani hofu haithibitishi kwamba mbwa ni mzima. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi afikishwe kituo cha afya bila kusubiri dalili. Mhudumu aulize kama mbwa amechanjwa, alikuwa katika hali gani alipouma, na kama anaweza kuangaliwa kwa siku 10. Pale inapopasa, chanjo ianze mara moja wakati mbwa akiendelea kuangaliwa.

Mbwa aliyezoeshwa kamba na mikono ya watu tangu utotoni huchanjwa kwa urahisi, na mtoto anayeishi naye hulindwa pamoja naye.