Mfupa, Pembe na Jino: Jinsi ya Kutambua Mpini wa Kisu cha Kukunja

Neno «pembe» katika lugha yetu lina kazi nyingi. Pembe ni ile imeayo kichwani mwa ng'ombe na mbuzi. Pembe ni ile isimamayo juu ya pua ya kifaru. Tena pembe ni jino la ndovu, ambalo kwa maumbile yake si pembe hata kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili halitupotezi, maana jina la mnyama hutufafanulia. Lakini mtu akileta kisu cha kukunja cha zamani, urithi wa baba yake, akasema, "Mpini wake ni pembe," yatupasa kumwuliza, "Pembe ya nini?" Aghalabu tukitazama vema twaona kwamba mpini ule si pembe yo yote, bali ni mfupa wa ng'ombe.

Tofauti hii si ya maneno tu. Mwaka 1989 mataifa yaliyo katika mkataba wa CITES yaliamua kuzuia biashara ya pembe za ndovu kutoka nchi hata nchi. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, yakataza kuuza na kununua vitu vya pembe ya ndovu, hata vya zamani, isipokuwa vichache vilivyotajwa. Basi mwenye kisu cha mfupa, akikiita pembe ya ndovu kwa kujisifu, aweza kujitia katika mashaka ya bure; naye mwenye pembe ya ndovu hasa, akidhani ni mfupa, aweza kuvunja sheria pasipo kujua.

Visu tunavyovinena vilitengenezwa hasa katika miji ya Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani, na baadaye Marekani. Sifa ya Sheffield ni ya kale: mshairi Chaucer alitaja kisu cha mji huo katika karne ya 14, na chama cha mafundi wa visu wa huko kiliwekwa kwa sheria mwaka 1624. Nasi watu wa pwani tulikuwa na sehemu katika kazi hiyo, walakini sehemu yenye huzuni. Pembe za ndovu zilizopita Unguja katika karne ya 19 zilipelekwa India, Ulaya na Marekani, zikachongwa vipini vya visu, vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Lakini pembe ilikuwa ghali. Kwa visu vya watu wa kawaida mafundi walitumia zaidi mfupa wa muundi wa ng'ombe, kwa kuwa ni mnene, umenyoka, na hupatikana machinjioni kwa bei ndogo.

Sasa tutazame alama za kila kitu, na chombo cha kwanza ni kioo cha kukuzia.

Mfupa ulipokuwa hai ulipitiwa na mishipa midogo ya damu. Mnyama akiisha kufa, njia za mishipa hiyo hubaki wazi. Mfupa ukikatwa kwa kukingama, njia hizo huonekana kama vitone. Ukikatwa kwa urefu, kama ikatwavyo mipini mingi, huonekana kama mistari mifupi, myembamba, iliyotiwa weusi na uchafu wa mikono. Hii ndiyo alama kubwa ya mfupa.

Jino la ndovu halina njia hizo. Kwa urefu wake lina mawimbi laini. Lakini lilipokatwa kwa kukingama, kama kwenye mwisho wa mpini ulio mzito, huonekana mistari miembamba ipishanayo mfano wa ukili uliosukwa. Fundi wa vitu bandia aweza kuiga mawimbi. Kuiga mistari hii ipishanayo ni kazi ngumu mno.

Pembe ya ng'ombe au ya nyati ni ya jamii ya kucha na nywele. Hupangwa kwa tabaka, na ikishikwa mbele ya mwanga, mahali palipo pembamba hupenya nuru kidogo. Kwa miaka mingi hupinda, huachana tabaka, na wadudu huitoboa.

Pembe ya ayala, ambaye jina lake twalisoma katika Zaburi, ni jambo la ajabu. Huanguka kila mwaka na kumea tena, nayo kwa maumbile ni mfupa mtupu. Nje ina mikwaruzo na vifundo kama gome la mti. Ndani ni kama sifongo. Basi tumefika mahali ambapo jino huitwa pembe, nayo iitwayo pembe ni mfupa.

Kwa kuwa pembe ya ayala ilipendwa sana, mafundi waliuchonga mfupa wa ng'ombe vijishimo na mifuo ili ufanane nayo, kisha wakautia rangi ya kahawia, ya kijani au nyekundu. Kisu cha namna hii hutambulika hivi: tazama ukingo wa mpini mahali ugusanapo na bamba la shaba lililo ndani. Rangi aghalabu haikupenya mpaka chini, na weupe wa mfupa huonekana. Tazama tena kandokando ya misumari midogo iliyoushika mpini. Mfupa mzee mara nyingi una nyufa nyembamba kama unywele zianzazo hapo.

Vitu bandia vilikuja baadaye. Seluloidi ilitengenezwa Marekani kwa hati ya mwaka 1870, na Delrini, namna ya plastiki ngumu, ilianza kuuzwa mwaka 1960. Plastiki ina rangi moja juu hata chini, haina njia za mishipa, na ikiwa ilimiminwa katika kalibu, mifuo yake ni laini isiyo na alama ya chombo cha kuchongea; visu viwili vyaweza kuwa na mifuo ile ile pasipo tofauti hata ya nukta.

Watu wengi husema, "Choma kwa sindano ya moto, mfupa hauyeyuki." Ni kweli kwamba mfupa hauyeyuki, lakini nawasihi wasomaji wasifanye hivyo. Kwanza, alama ya sindano haitoki, na thamani ya kisu hupungua. Pili, seluloidi hushika moto upesi kabisa, nayo yaweza kumwunguza mtu mkono kabla hajapata kuutupa. Heri kutazama kuliko kuchoma. Hata taa ya miali ya urujuani ifanyayo mfupa ung'ae kibuluu haitoshi peke yake, maana pembe ya ndovu hung'aa vivyo hivyo. Na mwenye kisu cha seluloidi akitenge na vingine, kwa sababu ikichakaa hutoa mvuke uozeshao chuma cha visu vilivyo karibu.

Basi mtu akikuletea kisu cha baba yake, anza na kioo na mwanga wa jua. Tafuta mistari mifupi myeusi. Ukiiona, mwambie pasipo kumwaibisha kwamba ni mfupa, kazi njema ya fundi, na kwamba ana haki ya kukitunza au kukiuza. Ukiona mistari ipishanayo, mwonye asikiuze wala kukipeleka ng'ambo kabla ya kuuliza wakuu wa wanyamapori. Ukiwa na shaka, mpeleke kwa wenye elimu katika nyumba ya makumbusho, wala usikisie.