Rangi Tatu Kuwa Kijivu Kimoja: Sayansi ya Kutengeneza Picha za Nyuso

Watu wengi hudhani kwamba kuigeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe ni kuiondolea rangi tu, mfano wa kitambaa kilichochujuka. Sivyo. Kila nukta ya picha iliyomo katika kompyuta ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ilhali nukta ya kijivu ina namba moja. Hapana budi tatu zifanywe moja, na namna ya kuzichanganya ni uamuzi wa mtu.

Njia nyepesi ni kutafuta wastani. Lakini jicho halihisi rangi zote sawasawa: kijani huliathiri zaidi, kisha nyekundu, na buluu mwisho. Ndiyo maana kanuni iliyomo katika mapendekezo ya kimataifa ya televisheni ya mwaka 1982 huzidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na buluu kwa 0.114, kisha hujumlisha. Mwanafunzi na ajaribu: kanga nyekundu yenye 200, 50 na 50 hutoa 95, jani la mgomba lenye 50, 127 na 50 nalo hutoa 95. Mama aliyevaa kanga hiyo akisimama mbele ya mgomba huo, mpaka kati ya nguo na jani utapotea.

Jambo hili huwa zito zaidi tufikapo kwenye ngozi. Melanini, yaani kile kiipacho ngozi weusi wake, hunyonya mwanga wa buluu kwa wingi, na mwekundu kidogo. Damu nayo hunyonya buluu na kijani, ikauachia mwekundu. Kwa hiyo ukitumia namba ya nyekundu peke yake, uso hung'aa na chunusi hufifia. Ukitumia ya buluu, uso hukoza weusi na kila doa hujitokeza. Uso wa kahawia wenye 120, 80 na 60 huwa 120 kwa njia ya kwanza, 60 kwa ya pili, na 90 kwa kanuni tuliyoitaja. Filamu za kale zisizohisi nyekundu zilitoa midomo myeusi kwa sababu hiyohiyo. Kwa maoni yangu, fundi achaguaye nyekundu kila aonapo uso mweusi hasahihishi picha, bali anambadili mtu. Heri aanze na kijani, kisha aongeze mwangaza pale tu penye kivuli kizito.

Wako pia wapendao kuacha rangi mahali pamoja, tuseme kilemba, na kukifanya kijivu kilichosalia. Hapo hutumika kifuniko: kila nukta hupewa sehemu kati ya 0 na 1. Penye 1 rangi hubaki yote, penye 0 hubaki kijivu, na penye 0.5 huchanganywa nusu kwa nusu. Ukingo wa nywele wahitaji sehemu hizo za kati, la sivyo kilemba kitaonekana kama kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Kosa gumu kuligundua ni la mwanga urudishwao. Kilemba chekundu hurusha wekundu wake kwenye paji la uso. Paji likigeuzwa kijivu, wekundu huo huwa kijivu chepesi kidogo, na hauonekani tena kuwa umetoka kwenye kilemba. Fundi hodari huuachia rangi kwa sehemu kama 0.1 karibu na nguo, akiipunguza polepole kuelekea nyusi.